Sura ya Tano: Namba za Kutaja, Namba za Kufungua

Mtu akiibiwa simu Dar es Salaam, jamaa zake hawamuulizi kwanza ilikuwa simu gani. Wanamuuliza, "Ulikuwa na hela ndani?" Zamani swali hilo lisingeeleweka. Nokia ya tochi ikikwapuliwa kwenye dirisha la daladala mwaka 2005, mwenyewe alisikitikia simu na namba za watu, akanunua laini nyingine, akaanza kuzunguka kwa ndugu akiomba namba moja moja. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania Aprili 2008. Kampuni nyingine zikaja na huduma zao, na kidogo kidogo mshahara, ada ya shule, mchango wa harusi na hela ya mboga vikahamia kwenye kitu ambacho kibaka anakifikia kwa mkono mmoja.

Jibu sahihi la swali hilo ni kwamba hela haimo ndani. Haimo kwenye simu, wala haimo kwenye laini. Salio lako ni mstari kwenye vitabu vya kampuni, ndani ya mitambo yake, na simu hupeleka maombi na kurudisha majibu. Ukipiga *150*00# au *150*60#, unaanzisha mazungumzo mafupi na mitambo hiyo. Ukichelewa kujibu yanakatika, na kwenye kioo hakibaki kitu. Kwa hiyo aliyekwapua simu yako hajapata hela. Amepata mahali pa kuulizia hela, na ataulizwa swali moja tu: namba ya siri.

Nataka msomaji azitazame namba zote anazotembea nazo kwa jicho hilo. Kuna namba za kutaja: namba ya simu, namba ya akaunti, namba ya NIDA, tarakimu 16 za kadi ya benki, IMEI ya simu yenyewe. Kazi yake ni kusema huyu ni nani au hiki ni kipi. Hazina ubaya zikijulikana. Wenye maduka huzipaka ukutani kwa rangi nyekundu. Kuna namba za kufungua: namba ya siri, PUK ya laini, na ule msimbo wa mara moja unaoingia kwa ujumbe ukitaka kuingia kwenye akaunti. Hizi zinaruhusu, na thamani yake yote iko kwenye kutojulikana. Kero nyingi za kadi na simu, zile zinazomfanya mtu mzima apandishe sauti mbele ya binti wa kaunta, zinatokea pale namba ya aina moja inapofanyishwa kazi ya aina nyingine.

Tarakimu nne za namba ya siri zina umri wa mashine za kutolea fedha. Benki ya Barclays ilizindua mashine yake ya kwanza Enfield, kaskazini mwa London, tarehe 27 Juni 1967, na aliyetangulia kuitumia alikuwa mwigizaji wa televisheni, Reg Varney. Kadi ya plastiki haikuwepo. Mteja alitumbukiza hati ya karatasi iliyotiwa kaboni-14, yenye mnunurisho hafifu ambao mashine iliweza kuutambua, akabonyeza namba yake, akapewa pauni 10. Aliyeongoza kazi hiyo, John Shepherd-Barron, alisimulia baadaye kwamba yeye alitaka tarakimu sita kwa sababu aliikumbuka namba yake ya jeshini. Mkewe, Caroline, akamwambia wakiwa mezani jikoni kwamba yeye nne ndiyo mwisho wake. (Mskochi James Goodfellow alikuwa ameshaomba hataza ya namba ya siri mwaka 1966, na ubishi wa nani alitangulia umeendelea tangu hapo.) Kama kisa cha jikoni ni cha kweli kabisa au kimeongezwa chumvi, matokeo tunayo mikononi: leo muuza samaki wa Feri na mhasibu wa wizara wanalindwa na urefu ule ule wa namba.

Tarakimu nne zinatoa namba 10,000, na mashine inakupa nafasi tatu. Kama watu wangechagua bila mpangilio, mwizi angekuwa na bahati mbaya sana. Lakini mwaka 2012 mchambuzi wa takwimu aitwaye Nick Berry alichukua mamilioni ya namba za tarakimu nne kutoka kwenye nywila zilizovuja mtandaoni, akakuta 1234 peke yake inafika karibu asilimia 11. Ukiongeza 1111 na 0000, unakaribia moja katika kila tano. Hizo hazikuwa namba za benki, na wateja wa benki huenda ni waangalifu zaidi kidogo. Alichokiona kingine ndicho kinachotugusa: namba zinazoanza na 19, yaani miaka ya kuzaliwa, zilijaa kupita kiasi.

Sasa geuza simu yako utazame nyuma, kati ya kava na mgongo wa simu. Wengi huweka hapo kitambulisho cha taifa, kadi ya benki, na noti ya elfu kumi ya dharura. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mwizi aliyebeba simu, kitambulisho na kadi kwa mkupuo mmoja amekabidhiwa namba ya kutaja ambayo ndani yake kuna namba ya kufungua, iwapo mwenyewe alichagua mwaka wake wa kuzaliwa. Hana haja ya utaalamu wowote wa kompyuta. Anahitaji kujua kusoma.

Akifaulu, hasara haiishii kwenye salio. Huduma hizi siku hizi zinakopesha. Kenya wana M-Shwari tangu Novemba 2012 na Fuliza tangu Januari 2019. Tanzania wana Songesha na ndugu zake. Anayejua namba ya siri anaweza kuchota salio, kisha akakopa kwa jina lako hadi mwisho wa kiwango chako, na wewe uliyeamini umeibiwa elfu ishirini ukakuta unadaiwa laki. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba jina jema la kulipa madeni kwa wakati, walilolijenga kwa miaka, lilikuwa linampandishia kibaka kiwango cha kukopa.

Upande wa pili wa shida hauhitaji mwizi. Simu inaweza kuwa imetumbukia chooni, au imesahauliwa kwenye bajaji, na mwenyewe akaenda dukani kurudisha laini. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mzee. Nikusaidie nini?"

"Marahaba mwanangu. Simu imepotea, nataka kurudisha laini yangu."

"Pole sana mzee. Naomba namba yako ya NIDA."

"Iko kwenye simu."

Hakuna kichekesho hapo kwa mzee huyo. Kadi yenyewe ya plastiki ilichelewa kutoka. Alipewa namba tu, akaipiga picha ili isipotee, na picha ikaenda na simu. Atarudi nyumbani kutafuta karatasi. Akirudi nayo, ataambiwa aweke kidole. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania tarehe 1 Mei 2019. Mwisho wake ulikuwa 31 Desemba mwaka huo, Rais John Magufuli akaongeza siku 20, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Wakati ule wa foleni ndefu ndipo nchi nzima ilipojua kitu ambacho mafundi uashi, wakulima na mama ntilie walikijua siku zote: saruji, mpini wa jembe na sabuni ya kuoshea vyombo vinasugua mistari ya vidole. "Jaribu kingine mzee. Kipanguse kwanza." Anapangusa kwenye suruali. Kidole ndicho namba ya kufungua isiyoweza kusahaulika, na kazi ngumu inaweza kukibadilisha bila mwenye kidole kuombwa ruhusa.

Kidole kikikubali, linaweza kuzuka la tatu. "Mzee, hii laini ina jina la mwanamke."

"Ni shemeji yangu. Wakati ule mimi sikuwa na namba ya NIDA, akanisajilia."

"Basi itabidi aje yeye mwenyewe."

Shemeji yuko Tunduru, au wameshaachana na kaka mtu na hawasemeshani. Kisheria, laini aliyoitumia mzee kwa miaka yote hiyo, yenye wateja wake, mchango wa kikoba chake na ujumbe wa benki yake, ni ya mwanamke yule. Laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine ni nyingi, na ndiyo sababu ukawekwa utaratibu wa kupiga *106# ili mtu aone namba zipi zimeandikwa kwa jina lake. Wengi huitumia kutafuta laini wasizozijua zilizosajiliwa na matapeli. Mimi ningemshauri mtu aitumie kwa shughuli ya kinyume: kuhakikisha laini yake mwenyewe imo.

Namba ya simu ilitengenezwa iwe ya kutaja. Ilikuwa ya kukupigia, basi. Kisha benki, barua pepe, mitandao ya kijamii na mifumo ya serikali vikaamua kwamba aliyeshika laini ndiye mwenye laini, vikawa vinatuma humo misimbo ya mara moja. Bila kutangaza, vikaigeuza namba iliyopakwa ukutani kuwa mlango. Ndiyo maana mtu aliyepoteza simu anakwama kwenye mzunguko: anataka kuingia kwenye barua pepe yake ili aifunge simu kwa mbali, na mfumo unamjibu kwa upole kwamba msimbo umetumwa kwenye simu. Ndiyo maana pia kuna matapeli ambao hawaibi simu kabisa. Wanamhadaa au kumhonga wakala awarudishie laini ya mtu mwingine, na kwa muda ule mfupi ambao simu ya mwenyewe imepoteza mtandao, misimbo yote inaingia kwao. Ukiona mtandao umepotea ghafla na simu za wenzako zinashika vizuri, usisubiri kesho.

Laini ina ulinzi wake ambao karibu hakuna anayeutumia. Unaweza kuiwekea PIN ya laini yenyewe, tofauti na ile ya pesa, ili mwizi akiichomoa na kuipachika kwenye simu nyingine isiwake. Akikosea mara tatu inadai PUK ya tarakimu nane. Akikosea PUK mara kumi, laini inakufa moja kwa moja. PUK imechapishwa kwenye kile kipande cha plastiki laini inakotolewa. Tazama chini ya miamvuli ya mawakala wa usajili jioni yoyote, uone vipande hivyo vilivyotupwa na wenyewe dakika ile ile waliponunua laini.

Tuje kwenye simu kama chombo. Kila simu ina IMEI, namba ya tarakimu 15 ambayo utaiona ukibonyeza *#06#, na imeandikwa pia kwenye boksi. Kwa namba hiyo mamlaka zinaweza kuzuia simu isishike mtandao wowote nchini, hata ikiwekwa laini mpya. Kenya ilizima simu bandia kwa njia hii mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania ilifanya hivyo usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na kesho yake Kariakoo, maeneo ya Mtaa wa Aggrey, hakuna mwenye duka aliyepata nafasi ya kunywa chai. Aliyeibiwa anaweza kupeleka IMEI polisi pamoja na maelezo yake. Tatizo ni lile lile la mzee: IMEI inaonekana kwenye simu ambayo haipo, na boksi mke aliligeuza la kuwekea vifungo na sindano. Na hata ikizuiwa, wapo mafundi wanaoibadilisha, ingawa ni kosa la jinai. Wenye ujuzi mdogo huivunja simu na kuuza kioo, kamera na betri kimoja kimoja. Watengenezaji wakubwa walipoanza kuifunga simu kwenye akaunti ya mwenyewe, Apple mwaka 2013 na Android kuanzia toleo la 5.1 la mwaka 2015, walipunguza bei ya simu nzima ya wizi. Bei ya vipuri haikuguswa.

Tarakimu ya 15 ya IMEI haitaji kitu. Ipo kuzikagua zile 14 za mbele yake. Kanuni yake ilibuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, aliyewasilisha ombi la hataza mwaka 1954 na kuipata mwaka 1960, na ni hiyo hiyo inayolinda tarakimu za kadi za benki. Ukianzia kulia, kila tarakimu ya pili huzidishwa kwa 2. Ikizidi 9 huondolewa 9. Zote hujumlishwa, na jumla isipogawanyika kwa 10, namba ni batili. Ukikosea tarakimu moja yoyote, hesabu inakataa. Ukizigeuza mbili zilizo jirani, inakataa karibu mara zote. Ndiyo maana ukinunua kitu mtandaoni na kukosea namba ya kadi, unaonywa kabla hata benki haijaulizwa. Tokeni ya umeme wa LUKU yenye tarakimu 20 ni kali zaidi: imefumbwa kwa ajili ya mita moja, kwa hiyo ukikosea, mita inakataa, na jirani hawezi kuitumia hata ukimpa.

Namba ya simu haina mlinzi wa namna hiyo. Ina tarakimu kumi na zote zinataja. Ukibonyeza 4 badala ya 7, mtambo hauoni kosa. Unaona mtu mwingine, aliye hai, mwenye laini iliyosajiliwa na uhitaji wa hela kama wewe. Hakuna wa kumlaumu kwa kuanzia: waliopanga namba za simu walifikiria mtu atakayesema "samahani, nimekosea namba" na kukata. Baada ya miaka mingi tukapitisha mishahara juu ya mpango ule ule.

Kilichowekwa kuziba pengo ni jina. Kabla ya kuweka namba ya siri, mfumo unakuonyesha jina la mpokeaji, ukubali au ughairi. Ni wazo zuri, na lingefanya kazi vizuri sana kama laini zingekuwa na majina ya wenyewe. Lakini kwa kuwa nusu ya watu tunaowatumia wana laini za shemeji, tumezoezwa kutoliamini jina. Fundi akikuambia "tuma hapo hapo, jina litakuja la mdogo wangu", unatuma. Matapeli wa ujumbe wanalijua hilo kuliko wahandisi. Ule ujumbe wao maarufu wa "ile hela itume kwenye namba hii" hausahau kuongeza jina litakalotokea, na kwa hatua hiyo moja kinga inageuka kuwa kithibitisho cha utapeli. Ukiupata, utume pamoja na namba iliyouleta kwenda 15040, ambayo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Ukiwa Kenya na umekosea kutuma kwa M-Pesa, peleka ule ujumbe wa muamala kwenda 456. Kwa vyovyote, kasi ndiyo kila kitu: hela ikiwa bado kwenye salio la mpokeaji inaweza kuzuiwa, akishaitoa kwa wakala, umebaki na kesi.

Kadi za benki ninazipitia kwa ufupi zaidi kuliko zinavyostahili, kwa kuwa Mswahili wa kawaida anakutana nazo mara chache. Kadi ni mfano mbaya kuliko yote wa kuchanganya aina mbili za namba. Tarakimu 16 za mbele zinataja, tatu za nyuma ndizo zinafungua, na zote mbili zimechapishwa kwenye kipande kimoja cha plastiki unachomkabidhi mhudumu wa hoteli aende nacho hadi kaunta. Nani angechora ufunguo wa nyumba yake kwenye kibao cha anwani?

Kero ya kadi inayoulizwa zaidi ni ya mashine: "Imekata, lakini hela haikutoka." Hapa kuna vitabu viwili. Benki yako imeandika kwamba umeomba na ikatenga hela. Mashine nayo ina hesabu yake ya noti ilizotoa. Mtandao ukikatika kati ya amri na taarifa ya noti kutoka, vitabu vinatofautiana mpaka mtu afungue mashine, ahesabu, alinganishe. Mashine ikiwa ya benki yako, ni mlango mmoja. Ikiwa ya benki nyingine, malalamiko yanapita kwenye mfumo unaoziunganisha, kama Umoja Switch au Visa, na kila mmoja ana utaratibu wake wa kujibu. Risiti ya mashine hiyo, hata ile inayosema muamala umeshindikana, itunze kuliko risiti ya duka.

Wakenya walijaribu kadi kwa namna nyingine. Aprili 2013 Google na Equity Bank walileta BebaPay, kadi ya kugusisha kwenye simu ya konda ili kulipa nauli ya matatu. Serikali ikaunga mkono wazo la nauli bila noti na kuweka tarehe ya mwisho, Julai 2014, kisha ikaisogeza. Machi 2015 BebaPay ikafungwa. Kadi zilikuwa za aina aina, na ya gari hili haikusaidia kwenye gari lile. Ilibidi uijaze hela kabla, wakati nauli ya Nairobi hupanda mvua ikinyesha. Zaidi ya hapo, kadi ilimwandikia mwenye gari kila shilingi iliyokusanywa, na dereva na konda waliozoea kumpelekea kiasi cha siku na kubaki na kinachozidi hawakuwa na sababu ya kuipenda. Noti haimtaji mtu na haihitaji kufunguliwa. Ndiyo siri ya maisha yake marefu.

Simu ndiyo ikashinda pale kadi iliposhindwa, ikaja na karaha yake. Ukimlipa konda kwa M-Pesa kwenye namba yake, anapata jina lako na namba yako. Msichana aliyelipa nauli saa mbili asubuhi anaweza kupokea "niaje, mrembo" saa tatu usiku.

Kuna kero za vifaa ambazo hazina uhusiano na mwizi wala konda. Tundu la chaja linalolegea mpaka uiegemeze simu kwenye kikombe ili iingize moto. Nyumba yenye waya tano na hakuna unaoingia. Umoja wa Ulaya uliwalazimisha watengenezaji watumie USB-C kwa simu zote mpya kuanzia 28 Desemba 2024, na kwa kuwa hawatengenezi simu mbili tofauti kwa ajili yetu, tutafaidika na sheria ambayo hatukuipigia kura. Zamani betri ilichomoka, na chaja ya kobe ilichaji yoyote utakayoipachika. Sasa betri imegundishwa ndani, ikivimba inainua kioo, na kuitoa ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha kupasha joto. Na usiku ule units za LUKU zinapoisha, tokeni uliyoinunua mchana iko kwenye ujumbe, ujumbe uko kwenye simu, simu imezima, na ya kuiwasha ni umeme.

Nashauri daftari. Daftari la kawaida la shule, likae nyumbani, liandikwe IMEI, namba za NIDA za watu wote wa nyumba, namba ya kadi ya LUKU, namba ya akaunti, na simu ya benki ya kufungia kadi. Zote hizo ni za kutaja. PUK nayo iingie, kwa kuwa bila laini yenyewe mkononi haina kazi. Namba za siri zisiandikwe humo, wala kwenye simu kwa jina la bandia la "Fundi Bomba", maana mwizi naye ana fundi bomba kwenye simu yake.

Hapo sheria, kwamba namba ya siri asiijue mwingine, ni nyepesi kuitamka, lakini kuna watu isiowafaa. Bibi anayetumiwa hela na mjukuu aliyeko Muscat haoni vizuri, au hakusoma. Anafika kwa wakala, anamkabidhi simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, wateja wengine wakisikia. Kampuni zinakataza. Wakala anajua zinakataza. Asipomsaidia, bibi atarudi nyumbani bila hela ya dawa, kwa hiyo anamsaidia, na wengi wao ni waaminifu kwa miaka. Siku mmoja wao akipunguza elfu kumi, bibi hana pa kuanzia, kwani kwenye kumbukumbu za kampuni muamala ulifanywa kwa simu yake na namba yake sahihi. Mjukuu ampangie mtu mmoja wa nyumbani wa kwenda naye, na baada ya kila muamala ujumbe usifutwe. Ndani yake kuna kiasi, saa, na namba ya wakala, na bibi akienda dukani kulalamika hiyo namba ya wakala ndiyo ya kwanza watakayomuuliza.